Unguja, Lamu au Kwale: pwani ipi uitembee kwa miguu?

Wanaoniuliza habari za kutembea ufukweni kijiji hadi kijiji, begi mgongoni, huwa wameshaamua kwenda. Kinachowasumbua ni waende wapi. Pwani yetu ni ndefu, lakini sehemu ambazo mtu anaweza kutembea siku mbili, tatu au tano mfululizo, akapata chakula na pa kulala bila kubeba hema, ni chache. Nalinganisha tatu: mashariki ya Unguja kutoka Matemwe hadi Makunduchi, kisiwa cha Lamu kwa kukizunguka kupitia Shela, Kipungani na Matondoni, na pwani ya Kwale, kusini mwa Mombasa, kutoka Tiwi hadi Gazi.

Mwenye haraka nampa jibu langu mapema. Kama ni mara yako ya kwanza, nenda Unguja. Kama unachotafuta ni ukimya, na unaye mwenzako wa kutembea naye, nenda Lamu. Kwale inamfaa anayetoka Mombasa au Nairobi mwishoni mwa wiki, au anayependa misitu na historia kuliko mchanga.

Kote kutatu hutaona kibao cha njia wala alama ya rangi kwenye jiwe. Njia ni ufukwe wenyewe, na mwenye kuifungua na kuifunga ni bahari.

Linganisha maji kabla ya mandhari

Unguja, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapopevuka, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Saa zake wavuvi wanazijua kwa moyo: bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi au kumi na moja, alfajiri na tena jioni. Kila siku inayopita saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Ukifika wakati wa maji mafu, wiki moja baadaye, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa, ingawa hayapandi sana.

Kwa mtembeaji maana yake ni hii. Siku za bamvua ukitoka saa kumi na mbili asubuhi, bahari inarudi nyuma mbele ya macho yako na kukuachia mchanga uliolowa, mgumu, ambao mguu hauzami. Una takriban saa sita za njia nzuri, na nyingi kati ya hizo jua halijakuwa kali. Ndiyo maana mimi huangalia mwezi kwanza, kisha ndiyo natafuta tiketi.

Mashariki ya Unguja hufaidi zaidi, kwa sababu mwamba wa nje uko mbali na ufuko. Maji yakipwa, kilomita nzima ya sakafu ya bahari hubaki wazi, na watu hushuka kufanya kazi humo. Hata yakijaa, sehemu kubwa ya ufukwe hubaki na kipande cha kupita, isipokuwa penye majabali au penye kuta za hoteli zilizosogezwa hadi majini. Shela ni kinyume chake. Ufukwe ule hauna kijiji wala mnazi wa kukimbilia: upande mmoja bahari wazi, upande wa pili matuta ya mchanga. Maji yakijaa unasukumwa juu kwenye mchanga laini, na kilomita 12 za mchanga laini zinachosha kuliko kilomita 20 za mchanga mgumu. Kwale mtihani ni mmoja, mto Mwachema pale Kongo, kati ya Tiwi na Diani. Maji yakiwa yamepwa unavuka kwa kukunja suruali. Yakiwa yamejaa unamtafuta mwenye mtumbwi.

Kuna mahali pamoja Unguja ambapo hesabu ya maji inageuka, na wengi hawaambiwi mapema. Ni Chwaka. Ghuba ya Chwaka inaukata ufukwe katikati: kaskazini mwake Uroa na Pongwe, ng'ambo yake rasi ya Michamvi. Kuizunguka kwa miguu haiwezekani, maana ndani kabisa ni mikoko hadi msitu wa Jozani. Lazima upande mashua. Lakini ghuba ni ya kina kifupi na maji yakipwa hukauka, kwa hiyo mashua haiondoki mpaka maji yapande. Kutembea kunataka maji kupwa, kuvuka kunataka maji kujaa. Siku za bamvua mambo haya mawili yanalingana vizuri ajabu: unatembea kutoka Uroa asubuhi, unafika Chwaka kabla ya adhuhuri, unaangalia mnada wa samaki, unakula, unaswali, unapumzika, na alasiri maji yakiwa yamejaa nahodha anakuvusha hadi Michamvi ukalale. Siku za maji mafu utalazimika kulala Chwaka au kupanda gari la kuzunguka. Patana bei kabla ya kupanda, na mwambie wazi kama unakwenda tu au na kurudi.

Urefu na njia yenyewe

Unguja ndiyo ndefu. Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Pongwe, Uroa, Chwaka. Kisha ng'ambo Michamvi, Dongwe, Bwejuu, Paje, Jambiani, Makunduchi. Ukiacha kipande cha mashua ni kama kilomita 60, na siku nne au tano zinatosha bila kukimbizana. Wengi hutaka waanzie Nungwi kwa kuwa wamelisikia jina. Kipande cha Nungwi hadi Matemwe kina majabali na kinategemea sana maji. Kwa anayeanza namshauri aanzie Matemwe, ambako asubuhi utakiona kisiwa cha Mnemba mbele yako. Kusini ya Jambiani pia majabali huanza kuingilia mchanga, kwa hiyo siku ya mwisho kuelekea Makunduchi vaa viatu vya soli ngumu na utoke mapema. Kizimkazi, penye msikiti wa kale wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, haifikiki vizuri kwa ufukwe. Kama unataka kuufika, panda daladala.

Lamu ni mzunguko. Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3 kando ya maji. Hapo ndipo ufukwe unapoanza na kuendelea hadi ncha ya kusini magharibi ya kisiwa. Unaingia mkono wa bahari, mikoko inaanza, na unafika Kipungani. Kutoka Kipungani unapita ndani hadi Matondoni, kisha njia za mashamba na punda hukurudisha mjini. Siku mbili zinatosha. Uzuri wa mzunguko huu ni kwamba sura ya kisiwa inabadilika kabisa: asubuhi bahari kuu na mawimbi, alasiri mikoko na maji yaliyotulia, kesho yake minazi na miembe.

Kwale ni fupi, chini ya kilomita 30, na haifuati ufukwe moja kwa moja. Tiwi, Kongo, Diani, Galu, Kinondo. Baada ya hapo mikoko hukutoa baharini na unamalizia njia za ndani hadi Gazi.

Vijiji: hapa ndipo tofauti ilipo

Mandhari ya bahari yanafanana kuliko watu wanavyokiri. Kinachoitofautisha njia moja na nyingine ni maisha unayopita katikati yake, na hapa Unguja inawapita wote.

Kutoka Bwejuu hadi Jambiani, maji yakipwa, unakutana na kina mama wa mwani. Kilimo hiki cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, na tangu mwanzo kimekuwa mikononi mwa wanawake zaidi. Simama kidogo uangalie kazi yenyewe. Vigingi viwili vimepigwa mchangani, kamba imevutwa kati yake, na kwenye kamba vimefungwa vipande vya mwani kwa uzi mwembamba unaoitwa taitai, kimoja baada ya kingine, mamia kwa mamia. Mama anainama maji yakiwa magotini, au anakaa kabisa majini, anafunga, anasogea, anafunga. Baada ya wiki kama sita huvunwa, hubebwa kwa gunia kichwani hadi pwani, na kuanikwa. Mwani wenye bei nzuri, kotoni, hauvumilii joto la maji mafupi na hufa, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu ya bei ya chini, labda uwe na chombo cha kwenda kwenye kina. Ukimsikia mama akilieleza hili ukiwa umesimama naye kwenye maji ya uvuguvugu, unaelewa mabadiliko ya tabianchi ni kitu gani kwa mtu anayesomesha watoto kwa kazi hiyo.

Usikanyage kamba zao, wala usipite katikati ya mashamba kwa kufupisha njia. Na usipige picha kabla ya kuomba. Pembeni utaona pia mashimo yaliyozungushiwa mawe. Humo yamezikwa makumbi ya nazi yakisubiri kulainika, kisha hupondwa na kusokotwa kamba. Siku hizohizo za bamvua wengine wako mwambani na vijiti virefu wakitafuta pweza. Hiyo bahari iliyopwa ni shamba la watu, na mtembeaji ni mgeni anayepita shambani.

Ukiweza kupanga safari yako iishie Makunduchi mwezi wa Julai wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, panga. Wanaume hupigana kwa magomba ya migomba kumaliza chuki za mwaka uliopita, kibanda huchomwa moto, nyimbo za kina mama hujaa uwanjani, na mgeni hukaribishwa kula nyumbani kwa watu. Sijaona mahali pengine pwani ambapo mtu aliyefika kwa miguu hupokewa hivyo.

Lamu vijiji ni vichache lakini vina uzito wake. Matondoni ni kijiji cha mafundi wa majahazi. Ukibahatika utakuta chombo kikiwa kimesimama juu ya magogo, mkuku, yaani uti wa chini, umeshalazwa, mataruma, yaani mbavu zake za mikoko, yamepinda kufuata umbo, na fundi anakalafati: anasukuma pamba iliyopakwa mafuta kwenye kila ufa kati ya mbao, kwa patasi na nyundo, polepole, mpaka ufa ufungike. Hakuna karatasi ya vipimo. Kaa kivulini, salimia, utapewa mahali. Kipungani wanawake husuka mikeka, vikapu na kofia. Kununua pale pale, mkononi mwa aliyesuka, ni bora kuliko kununua mjini. Na Shela yenyewe ina jambo la kujua unapopita: matuta yale ya mchanga ndiyo yanayohifadhi maji ya mvua chini yake, na ndiyo chanzo cha maji matamu ya mji wa Lamu. Mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, lakini bila matuta yale usingekuwa na cha kunywa. Tembea chini kwenye ufukwe, usiyapande kuyachezea.

Kwale nitasema ukweli. Diani ni ufukwe mzuri sana, mweupe na mpana, lakini si safari ya vijiji. Hoteli zimeshika upande wa bahari na wenyeji wengi wanaishi upande wa pili wa barabara. Unatembea saa nyingi ukipita viti vya kuotea jua. Mtu akikuzuia kupita mbele ya hoteli, ujue Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma.

Kwale inalipa mwanzoni na mwishoni. Mwanzoni ni Kongo, msikiti wa kale chini ya mibuyu, pale mto unapoingia baharini. Mwishoni ni Kaya Kinondo na Gazi. Kaya ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmojawapo wa makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Huingii peke yako: unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unaongozwa, na hutoki na kitu, hata jani. Gazi, kina mama wametengeneza njia ya mbao juu ya mikoko, na mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za hewa ya ukaa ambayo mikoko hiyo inaifyonza. Fedha zake zimeingia kwenye maji na shule za wanakijiji. Kama unafundisha au una watoto wakubwa, saa mbili pale zinafunza mengi.

Kula na kulala

Unguja haina shida. Kila kijiji kina nyumba za wageni, japo si za namna moja: Kiwengwa imejaa hoteli kubwa, Bwejuu na Jambiani zina nyumba nyingi ndogo za wenyeji, Chwaka na Makunduchi vyumba ni vya kuhesabu. Julai, Agosti na mwisho wa Disemba bei hupanda, piga simu mapema. Chakula usikitafute ufukweni. Ingia ndani ya kijiji hatua mia mbili utapata chai, chapati na maharage asubuhi, wali na samaki mchana, kwa bei wanayolipa wenyeji.

Lamu mjini na Shela utakula na kulala vizuri, na usiondoke bila kuonja mkate wa mofa. Baada ya Shela hakuna duka, hakuna kisima, hakuna kivuli kwa kilomita 12. Lita 3 za maji kwa kila mtu si nyingi. Malazi Kipungani na Matondoni ni ya kupanga kabla, kupitia mtu mwenye ndugu pale. Mpango rahisi zaidi ni kutembea hadi Kipungani na kumwagiza nahodha akufuate jioni, kisha kesho yake ukaanzia Matondoni. Usimlipe yote mkononi kabla hajafika.

Kwale vyumba vimejaa Diani, vya kila bei. Gazi ni ya kupanga kabla.

Upepo, usalama na adabu

Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba kutoka kusini mashariki. Hewa ni ya ubaridi kidogo na ndiyo miezi ninayoipendelea. Wakati huo, isipokuwa kama unafuata Mwaka Kogwa, Unguja itembee kutoka Makunduchi kwenda kaskazini, upepo ukusukume. Kuanzia Disemba hadi Februari ni kaskazi, joto ni kali, basi anzia Matemwe ushuke. Shela wakati wa kusi mawimbi ni makubwa na kuogelea si salama. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, kaa nyumbani.

Kwa usalama siyapangi maeneo haya sawa. Unguja unaonekana na watu karibu muda wote, na hilo ndilo ulinzi. Papasi, vijana wanaowinda watalii, watakufuata Kiwengwa na Paje, jibu kwa Kiswahili, salimia, utaachwa. Ufukwe wa Shela usiutembee peke yako, hasa mwanamke, kwa sababu ukipita kona ya kwanza hakuna anayekuona. Chukua kijana wa Shela anayejulikana. Kabla ya kwenda Lamu kwa barabara ulizia hali ya usalama ya wiki hiyo. Kwale epuka vipande vitupu alfajiri na magharibi.

Kote funika mabega na magoti ukiingia kijijini. Kanga au kikoi kwenye begi kinatosha. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani, na chakula cha mchana hutakipata njiani, kwa hiyo panga safari yako mwezi mwingine au utembee nusu siku. Ukikuta wazee barazani anza wewe: shikamoo, kisha useme unatoka wapi na unakwenda wapi. Mara nyingi ndipo utakapoambiwa mwamba gani usipite na maji yatarudi saa ngapi.

Kufika

Unguja ni boti ya kama saa mbili kutoka Dar es Salaam, kisha daladala namba 118 kwenda Matemwe. Kurudi kutoka Makunduchi ni namba 310. Mkenya abebe pasipoti. Lamu ni ndege hadi Manda, au basi la siku nzima kutoka Mombasa hadi Mokowe na boti ya kuvuka. Kwale ni feri ya Likoni, ambayo mwenda kwa miguu halipi, halafu matatu za Ukunda zitakushusha njia panda ya Tiwi. Anayetoka Tanga huingilia Horohoro na Lungalunga, naye ni bora aanzie Gazi apande kwenda kaskazini.